Baragumu, Beni na Mdomo wa Bata: Pumzi za Tabora katika Njia ya Misafara

Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze mwezi Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, mji ulikwisha kuwasikia kabla ya kuwaona. Ndivyo ilivyokuwa ada ya misafara. Mbele ya wote hutangulia kirangozi, amejipamba kwa nguo nyekundu na manyoya kichwani. Karibu naye hupepea bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Na kila walipokaribia kijiji au mji, ngoma hupigwa na baragumu hupulizwa. Baragumu hilo lilikuwa pembe ya tandala, na Burton amelitaja katika kitabu chake cha mwaka 1860, akieleza jinsi lilivyoamsha wapagazi, lilivyowakusanya na lilivyotangaza kuwasili kwao. Kaze ndiyo Tabora ya leo, au tuseme ndiyo mbegu ya Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe.

Naanza na pembe hiyo kwa sababu makala haya yanahusu pembe nyingine, ambayo haikutoka kichwani mwa mnyama bali katika kiwanda cha shaba: saksafoni, ambayo wapenzi wa muziki wa dansi wa Tanzania wameibatiza, pamoja na nduguye tarumbeta, jina la mdomo wa bata. Mahali penyewe ni Tabora, na hasa Cheyo, moja ya kata za manispaa hiyo, ambako ubishi juu ya kipande kimoja cha saksafoni kilichonaswa katika santuri bado haujakwisha. Ninalotaka kusema ni jambo moja tu. Historia ya wapulizaji wetu haimo katika lebo za santuri wala katika makabati ya ofisi. Imo katika ubishi wa wapenzi. Ubishi huo una adabu zake, una kanuni zake za ushahidi, na unastahili kuandikwa maadamu wabishi wenyewe wangali hai.

Pembe ya njia

Msomaji wa visiwani na mwambao hahitaji kufundishwa heshima ya pembe. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa sauti ya dola na ya nasaba. Zumari nalo lilikuwa sauti ya furaha, lenye ulimi wake mwembamba unaotetema kinywani mwa mpulizaji. Baragumu la njia ya Tabora lilikuwa kitu cha tatu. Halikuwa la mfalme wala la harusi. Lilikuwa la wafanyakazi.

Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa wa misafara, kama wengi wanavyodhani kwa kuchanganya mambo mawili yaliyopita katika njia moja. Wengi wao walikuwa watu wa kazi ya ujira, waliojivunia kazi yao, wenye taratibu zao za posho, za mzigo na za mapumziko. Ziko tafiti za kina juu ya jambo hili, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya Stephen Rockel iliyotoka mwaka 2006. Makumi ya maelfu ya watu walipita njia hiyo kila mwaka katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Walishuka na pembe za ndovu. Walipanda na nguo, shanga, waya na bunduki. Wakapanda pia na vitu visivyobebwa begani: lugha ya Kiswahili, dini, mitindo ya mavazi, na ngoma walizozikuta Bagamoyo na Unguja.

Kwa hiyo Tabora ilikuwa mji wa pwani usio na bahari. Waarabu na Waswahili walijenga matembe yao huko. Miembe ikaota kandokando ya njia. Na tembe la Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, lingali linatembelewa. Mtu wa Unguja aliyefika Unyanyembe alikuta kahawa, tende na mashairi. Naye Mnyamwezi aliyefika Unguja hakuwa mgeni wa mara ya kwanza. Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi, na hili la kurudi ndilo tutakalolihitaji hapo mbele.

Pembe ya askari

Mtemi Isike alipojilipua ndani ya ghala lake la baruti mwezi Januari 1893 badala ya kutekwa na Wajerumani, enzi ya baragumu ilikuwa inakaribia machweo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wa miezi ukawa wa siku. Kirangozi hakuhitajika tena, kwa kuwa gari moshi lilikuja na filimbi yake.

Lakini pumzi haikukatika; ilihamia katika chombo kingine. Jeshi la kikoloni lilikuwa na bendi zake za shaba, na vijana waliozisikia, askari na raia, waliunda zao. Hiyo ndiyo beni, ngoma iliyozaliwa mwambao wa kaskazini, Mombasa na Lamu, kisha ikasambaa bara kwa miguu ya askari na kwa magurudumu ya reli. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyotandaa Tanganyika nzima, vikiwa na vyeo vyao vya kubuni, sare zao, michango yao ya mazishi na mashindano yao makali. Waliocheza beni hawakuwa wakiiga tu. Walikuwa wakichukua sauti ya mtawala na kuifanya yao, kama vile mshairi anavyochukua beti mbili za mwenziwe na kuzitia takhmisi: mishororo miwili ya mwisho si yako, lakini mitatu unayoiongeza ndiyo itakayokumbukwa.

Katika vita vya kwanza vya dunia, tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Kibelgiji yaliyotoka Kongo chini ya Jenerali Tombeur yaliiteka Tabora. Adolphe Sax, fundi aliyebuni saksafoni na kuisajili mjini Paris mwaka 1846, alikuwa Mbelgiji, mzaliwa wa Dinant. Sidai kwamba askari wa Tombeur walikuja na saksafoni mikobani. Nalitaja hili ili msomaji aone umri wa vitu: siku Burton aliposikia baragumu la Kaze, saksafoni ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja tu. Vyombo viwili hivyo, pembe ya tandala na pembe ya shaba, ni watu wa zama moja. Kilichotofautiana ni njia ya kufika.

Pembe ya dansi

Tanganyika ilianza kupata vyama na bendi za dansi katika miaka ya 1920 na 1930. Dar es Salaam Jazz Band, kwa mfano, iliundwa mwaka 1932. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika santuri za Kikuba zilizojulikana kwa herufi GV, nazo zikawa darasa la wanamuziki wengi waliokuwa hawajawahi kuona chuo. Neno jazz likaingia katika majina ya bendi bila ya kuomba ruhusa New Orleans. Kwetu halikuwa na maana ya blues wala swing; lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa, yenye magita, ngoma za kizungu na, bendi ikijaaliwa, vyombo vya kupuliza. Mtu aliyesema bendi yake ni jazz alikuwa akisema kwamba yeye ni wa mji na wa zama zake.

Tabora ilizaa bendi zisizopungua tatu zilizosikika nchi nzima. Kiko Kids ya Salum Zahoro iliimba uhuru wa Tanganyika wakati uhuru ulipokuwa habari mpya. Nyanyembe Jazz ilichukua jina la nchi ile ile ya misafara. Na Tabora Jazz, katika miaka ya 1970, iliteka redio kwa mtindo wake wa Segere Matata, hasa baada ya kujiunga nayo mwaka 1972 Shem Karenga, kijana wa Kigoma, ambaye wimbo wake juu ya Asha haujaacha kupigwa mpaka leo. Karenga alifariki dunia mwaka 2014.

Tazama ramani uone maana ya kijana wa Kigoma kufanya kazi Tabora. Kigoma ni bandari ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya pili ni Kongo. Rumba ya Kongo ilivuka ziwa kwa mawimbi ya redio na kwa mashua, ikapanda gari moshi Kigoma, ikateremka Tabora. Kutoka upande wa pili zilikuja santuri za Kikuba na taarabu kutoka pwani. Tabora ilikuwa njia panda ya reli, tangu tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, kama ilivyokuwa njia panda ya misafara kabla yake. Muziki uliopigwa pale ulikuwa na chumvi ya bahari na maji matamu ya ziwa kwa pamoja.

Halafu ukashuka. Mwaka 1959 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, aliunda Dar es Salaam bendi aliyoiita Western Jazz, kwa jina la Jimbo la Magharibi ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Desturi ya siku zile ilikuwa hiyo. Watu wa Kilwa walikuwa na Kilwa Jazz, na wa Ulanga na Ulanga Jazz. Bendi ilikuwa baraza la watu wa nyumbani waliokuwa ugenini, kama vile beni ilivyokuwa chama cha kuzikana. Western wakajitambulisha kwa mtindo wa Saboso, na gita la solo la Rashid Hanzuruni likawa gumzo. Hivyo basi, watoto wa wapagazi walishuka tena pwani, safari hii si kwa miguu bali kwa reli, si na pembe za ndovu begani bali na pembe za shaba mikononi. Sijui kama waliwahi kujiita hivyo. Mimi nawaita msafara wa mwisho.

Mkupuo mmoja

Ili kuelewa kwa nini wapenzi hubishana, inafaa kujua jinsi muziki huu ulivyorekodiwa. Bendi nzima iliingia katika chumba kimoja na kupiga wimbo kwa mkupuo mmoja, kuanzia ubeti wa kwanza hadi chemko, ile sehemu ya mwisho inayokwenda mbio ambamo waimbaji hupumzika na vyombo hujibizana. Hapakuwa na desturi ya kupachika sauti moja juu ya nyingine siku ya pili. Pumzi ikimpungukia mpulizaji, upungufu huo ulinaswa. Akijaaliwa, jaala hiyo pia ilinaswa. Kwa maana hii karibu kila rekodi ya dansi ya miaka ile ni muziki wa papo kwa papo, hata kama hapakuwa na mchezaji hata mmoja ukumbini.

Redio ilikuwa mlinzi mkuu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956. Ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Leo warithi wake ni TBC. Redio ilirekodi bendi katika studio yake, na katika kipindi cha Klabu Raha Leo bendi zilipiga mbele ya watu. Santuri zenyewe zilitengenezwa Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwahi kuwa na kiwanda kilichofanya kazi hiyo, na Western Jazz walirekodi huko kati ya mwaka 1973 na 1975 nyimbo ambazo kampuni ya Sterns ya London ilizikusanya upya mwaka 2012. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukaendelea kufungwa hadi 1983, utepe wa redio ukawa kwa bendi nyingi ndiyo hifadhi pekee.

Sasa chukua santuri ndogo yoyote ya wakati ule uisome lebo yake. Utakuta jina la wimbo, jina la bendi, na mara nyingi jina la mtunzi. Hutakuta jina la aliyepuliza. Mtangazaji naye alitaja bendi na mtindo wake, pengine na mwimbaji. Aliyesimama kando ya maikrofoni na kutoa sauti inayokupandisha nywele alikuwa ni miongoni mwa wenzake, basi. Wapulizaji wachache wa Dar es Salaam waliponea chupuchupu: Michael Enoch wa Dar es Salaam Jazz na baadaye Mlimani Park, ambaye vijana walimwita Ticha kwa kuwa alifundisha wengi, na Chinyama Chiyaza wa Maquis. Hao walidumu katika bendi za jiji kuu, wakaonekana na waandishi wa magazeti. Mpulizaji wa Tabora hakuwa na mwandishi.

Baraza la Cheyo

Nilipokuwa Tabora kwa shughuli za tafsiri, nilikaribishwa mara kadhaa katika baraza moja la Cheyo, chini ya mwembe, ambako wazee wanne watano hukutana alasiri na kahawa yao na redio ndogo. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa reli mstaafu, mwingine mwalimu, mwingine mshoni. Siku moja redio ilipiga Vigelegele ya Western Jazz. Hakuna aliyesema neno mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha vita vikaanza.

Mshoni alisema aliyepuliza humo ni mtoto wa Tabora. Ukisikiliza jinsi anavyoanza kishindo na kumaliza kwa kunong'ona utajua kwamba amelelewa na ngoma za huku. Mwalimu akasema la, huyo ni mtu wa pwani, aliyejifunzia zumari kabla ya kugusa shaba. Sikiliza jinsi anavyoitetemesha sauti kabla ya kuikata. Yule wa reli alikuwa na hoja nyingine kabisa. Yeye hakujali ametoka wapi. Alisema aliwahi kumsikia mpulizaji huyo huyo ukumbini, akiwa na urefu wa chemko mara tatu ya ule wa santuri, na kwamba santuri ni ganda tu la muwa.

"Wewe ulisikia ukiwa umelewa," mwalimu akamwambia.

"Nilisikia nikiwa zamu, bwana. Gari lilichelewa saa sita, nikaenda dansini na sare yangu ya kazi. Muulize ndugu yako, tulikuwa naye."

Ndugu hakuwepo kuulizwa, alikwisha kufa. Hapo baraza lilinyamaza kidogo, na mimi nikaelewa uzito wa jambo lililokuwa likifanyika. Hawa hawakuwa wazee wanaopoteza wakati. Walikuwa wakitoa ushahidi. Kila mmoja aliulizwa: ulisikia wapi, mwaka gani, ulikuwa na nani, na huyo uliyekuwa naye ni mtu wa kuaminika? Msomaji aliyekaa darsani anazitambua kanuni hizo. Ni kanuni za sanadi. Maneno ya hadithi hayapokelewi kwa utamu wake tu. Hupimwa kwa mlolongo wa waliopokeana, na mlolongo ukikatika mahali pamoja, hadithi hudhoofika. Baraza la Cheyo lilikuwa likifanya kwa saksafoni kile ambacho wanazuoni walikifanya kwa mambo makubwa zaidi. Na siku ile mlolongo mmoja ulikuwa umekatika mbele ya macho yangu, kwa sababu ndugu wa mtu alikufa na ushahidi wake haukuandikwa.

Beti ishirini na saba

Kuna atakayesema kwamba huu ni ubishi wa mkoani, usio na maana kwa ulimwengu. Nimpe mfano wa Marekani, kwenye jazz ya asili.

Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, katika tamasha la Newport, orkestra ya Duke Ellington ilikuwa ikipiga utungo wake wa zamani wenye sehemu mbili, Diminuendo and Crescendo in Blue. Katikati ya sehemu hizo mpulizaji Paul Gonsalves alisimama na saksafoni yake ya tena akapuliza beti ishirini na saba mfululizo. Nazungumza na washairi, kwa hiyo naweza kutumia neno ubeti bila ya kuona haya. Blues ni utungo wenye kipimo maalumu. Kila mzunguko una mizani yake isiyozidi wala kupungua, na mpulizaji hutunga papo hapo ndani ya mipaka hiyo, kama malenga wawili wanaojibizana kwenye kiriri. Ishirini na saba bila ya kuvunja mizani ni utenzi mzima. Watazamaji waliinuka vitini, wakacheza, na sifa ya Ellington, iliyokuwa imefifia, ikafufuka usiku ule.

Lakini Gonsalves alipulizia maikrofoni isiyo yake. Kampuni ya Columbia ilikuwa imeweka yake. Pembeni palikuwa na nyingine ya redio, Sauti ya Amerika, nayo ndiyo aliyoielekea. Santuri iliyotoka mwaka ule ilimleta kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili, na sehemu nyingine za santuri hiyo zilirekodiwa upya studio, zikapachikwa makofi ya watu. Kwa miaka mingi wapenzi walibishana nini hasa kilitokea Newport. Hatimaye utepe wa redio ukapatikana, na mwaka 1999 rekodi mbili ziliunganishwa. Sauti ya Gonsalves ikasogea mbele kwa mara ya kwanza tangu usiku ule.

Mfano huu unatufunza mambo mawili. La kwanza, utepe wa redio, ambao hakuna aliyeuthamini kama bidhaa, ndio uliobeba ukweli. La pili, uliweza kutumika kwa sababu wapenzi hawakuacha kuuliza, na kwa sababu jina la mpulizaji lilijulikana. Mtu hutafuta sauti ya mtu mwenye jina. Asiye na jina hatafutwi na yeyote.

Kalamu ilipofika na isipofika

Sisi wa visiwani tunalijua hili kwa upande wa heri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda peke yake. Waliompigia na kuimba naye wanajulikana kwa majina mpaka leo: Subeti Ambari, Mbaruku, Buda Swedi, Maalimu Shaaban. Si kwamba hao walikuwa na kipaji kuliko wapulizaji wa Tabora. Ni kwamba walikuwa karibu na kalamu. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, wengine wakafuata, na kila mwandishi aliyemtaja Siti alilazimika kuwataja waliokaa ubavuni pake. Kalamu ilipofika, watu wanne wakanusurika.

Huko bara kalamu haikufika kwa wakati. Hata neno tunalolitumia kwa muziki wenyewe limejaa kuaga. Tunaziita nyimbo hizi zilipendwa. Tazama kiambishi kile cha wakati: zili-. Kana kwamba mapenzi yalikwisha siku moja, na tunachokifanya leo ni kuhudhuria hitima. Wale wazee wa Cheyo hawakuwa wakizungumzia kitu walichokipenda zamani. Walikuwa wakigombana, na mtu hagombanii kitu kilichomtoka moyoni. Zinapendwa, basi, lugha ndiyo iliyotangulia kukata tamaa.

Tepu za redio nazo si za milele. Utepe wa sumaku huogopa joto, unyevu na vumbi, na yote matatu tunayo kwa wingi. Juhudi za kuzihamishia tepu za Redio Tanzania katika mfumo wa dijitali zimewahi kuanzishwa na zinastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, tuseme tepu zote zimeokolewa kesho asubuhi. Tutakuwa na sauti safi ya mtu asiye na jina. Mashine itamleta karibu, kama ilivyomleta Gonsalves, lakini haitatuambia ni nani. Hilo linajulikana barazani tu.

Nilichofanya Cheyo ni kidogo, nacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Nilinunua daftari. Kwa kila wimbo uliobishaniwa nililiandika jina la mpulizaji lililotajwa, jina la aliyelitaja, mahali aliposikia, mwaka, na aliyekuwa naye. Palipotajwa majina mawili yanayopingana, niliyaandika yote mawili, kila moja na sanadi yake, bila ya kutoa hukumu. Mwalimu alipoona ninaandika, alianza kusema polepole na kujisahihisha. Mshoni alimtuma mjukuu wake kwenda kumwita mzee wa mtaa wa pili aliyewahi kubeba vyombo vya bendi. Siku ya tatu tulikuwa watu tisa. Daftari moja nililiacha palepale barazani, mikononi mwa mwalimu, na nakala nikaja nayo.

Nawaomba wasomaji wa jarida hili wafanye hivyo hivyo walipo. Pemba, Tanga, Mombasa, Lamu, popote palipokuwa na bendi, kikundi cha taarabu au ngoma ya beni, yupo mzee anayejua ni nani aliyepuliza. Msimuulize habari za muziki kwa jumla. Atawajibu kwa jumla. Mpigieni wimbo mmoja, mnyamaze, kisha mpingeni kwa adabu. Mtapata jina.

Pumzi haina jina, isipoandikwa pema,
Na sauti hufanana, na upepo unovuma,
Wapulizao ni wana, wa njia yetu ya nyuma,
Tuwaandike mchana, kabla ya jua kuzama.